Dondoo muhimu: BMW iX au Mercedes-Benz EQS SUV?

Kabla hujalipa amana ya gari la umeme la bei hii, pitia haya.

1. Hesabu abiria: iX ina viti vitano tu, EQS SUV huweza kuwa na safu ya tatu, hivyo familia ya watu saba haina cha kujadili.
2. Fungua kifuniko cha kuchajia ukague tundu. Gari lililoagizwa kutoka Uingereza huja na tundu la aina ya CCS2, la kutoka Japani aina ya CHAdeMO; hapa ndipo waagizaji wengi huumia. Hakikisha chaja za njia unayosafiri zinalikubali.
3. Usinunue kwa kilomita za brosha: 630 za iX xDrive50 ni za maabara, na mwendo kasi huzipunguza.
4. Ita fundi umeme mapema akufungie chaja ya nyumbani. Betri za iX xDrive50 na EQS SUV zinapita kilowati-saa 100, na soketi ya kawaida itachukua zaidi ya siku nzima.
5. Kwa lililotumika, dai ripoti ya afya ya betri.
6. Uliza kuhusu tairi la akiba.
7. Usilazimishe boneti, ni ya fundi: maji ya waipa ya iX hutiwa chini ya nembo, ya EQS SUV ubavuni.