Kimo na Uzito wa Watoto wa Shule

Wazee wengi walio hai leo wakumbuka namna watoto walivyoandikishwa shuleni zamani, vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa havijaenea. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kuume juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Akiligusa, amefika umri. Asipoligusa, na arudi nyumbani akakue. Jaribio hili lilikuwa jepesi, wala halikuhitaji karatasi. Walakini lilikuwa na kosa ndani yake: lilipima mwili, likadai kwamba limepima miaka. Mtoto wa miaka minane aliyedumaa kwa kukosa chakula bora aliweza kurudishwa, na mwenziwe wa miaka sita aliyelishwa vizuri akaingia darasani. Hivyo aliyepata hasara ya kwanza nyumbani akaongezewa ya pili shuleni.

Kosa hilo halijatutoka. Mzazi humtazama mwanawe mfupi akasema, "Ndio ukoo wetu," na mambo yakaishia hapo. Huenda ni kweli, maana kimo hurithiwa. Lakini yafaa kupima kwanza, ndipo tuseme.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya kukua kwa watoto wa miaka 5 hata 19. Kwa majedwali hayo, mvulana wa katikati akiwa na miaka 7 ana kimo cha sentimita 122 hivi, na uzito wa karibu kilo 23. Afikapo miaka 10 ana sentimita 138 na kilo 31. Wasichana wa umri huo hawaachani nao sana. Asifadhaike mtu ambaye mwanawe hakufika hapo, kwa sababu nusu ya watoto wenye afya wako chini ya mstari wa katikati. Wa kuangaliwa ni yule wa miaka 10 ambaye hakufika hata sentimita 125. Huyo huhesabiwa kuwa amedumaa, naye apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Tena, kipimo cha siku moja hakitoshi. Baada ya miaka mitano, na kabla ya kubalehe, mtoto huongezeka sentimita 5 au 6 kila mwaka, na kilo 2 au 3. Mtoto mfupi aongezekaye hivyo kila mwaka huenda hana neno. Mrefu aliyesimama pale pale mwaka mzima ana jambo. Kwa hiyo mwalimu na awe na daftari. Mtoto avue viatu, asimame visigino na mgongo vikigusa ukuta, atazame mbele. Ubao mdogo ulazwe sawasawa juu ya kichwa, ukuta utiwe alama, kisha ipimwe kwa futi kamba. Mizani iwekwe mahali palipo sawa, na mtoto awe na nguo nyepesi. Iandikwe tarehe, na mwaka wa pili apimwe mwezi ule ule, kwani uzito wa wakati wa mavuno si sawa na uzito wa miezi ya njaa.

Uzito hutoa habari za majuma na miezi iliyopita: homa, kuhara, ghala tupu. Kimo hutoa habari za miaka, nacho hakipungui. Ndiyo sababu kilo peke yake hudanganya, hasa baada ya miaka 10, na yapasa zilinganishwe na kimo. Hata mtoto aliyenenepa kupita kimo chake, ambaye majirani humsifu kwamba analishwa vizuri, huyo naye aonwe na mganga.

Sasa, kudumaa hutoka wapi? Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Waliozidi walikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambako hesabu ilifika karibu nusu au kupita. Msomaji atashangaa, maana hiyo ni mikoa ivunayo mahindi tele! Lakini ugali mtupu hujaza tumbo bila kujenga mwili. Mwili wahitaji maharagwe, dagaa, maziwa, mayai, karanga na mboga za majani. Tena mama ashindaye shambani tangu alfajiri hapati nafasi ya kumlisha mtoto mara nyingi kama impasavyo. Sehemu kubwa ya hasara hii hupatikana tangu mimba hata miaka miwili, kabla mwalimu hajamwona mtoto. Hata hivyo shule ina kazi yake: chakula cha mchana chenye maharagwe, choo safi, na dawa ya minyoo, kwani safura hunyonya damu ya mtoto, akaonekana mvivu darasani.

Neno moja zaidi kwa wazee wenye mabinti. Wasichana hutangulia wavulana kurefuka kwa miaka miwili hivi, hata binti wa miaka 12 aweza kumpita kaka yake mkubwa. Wako watu waonao urefu huo wakaanza kuzungumza habari za mahari. Hilo ni jaribio la sikio lililorudi kwa mlango mwingine. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka hata baada ya kimo kusimama, na mtoto huyo akishika mimba, uzazi waweza kumwua.