Maswali ya Kumuuliza Mtumishi Kabla Hujamfuata

Kabla hujajiunga na huduma yoyote, uliza jambo moja: sadaka ya mwezi uliopita imetumikaje, na nani aliihesabu? Mchungaji anayekuelekeza kwa mhazini bila kinyongo ameanza vizuri. Anayefura kwa hasira na kukuonya usimguse mpakwa mafuta wa Bwana, huyo mchunguze zaidi.

Onyo hilo limewaziba midomo waumini wengi sana, kwa hiyo lifungue mwenyewe katika Zaburi ya 105. Anza mstari wa 9, usirukie wa 15. Utakuta wanaolindwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, watu wachache wanaotangatanga katika nchi za wenyewe, na wanaokemewa ni wafalme. Neno lililomkinga mgeni asiye na mtetezi ndilo leo mwenye jukwaa, walinzi na vipaza sauti analotumia kumtishia mjane aliyeuliza habari za fedha. Inaniuma kulisikia likigeuzwa hivyo. Daudi alikataa kumuua Sauli kwa kuwa alipakwa mafuta, lakini alimweleza kosa lake waziwazi. Na Daudi mwenyewe alipotenda dhambi akiwa mfalme, nabii Nathani alimkabili, wala hakuambiwa kwamba amemgusa mpakwa mafuta.

Basi ukipewa mstari mmoja, soma sura nzima, kisha rudi sura moja nyuma. Fanya hivyo nyumbani, na wenzako wawili watatu. Matendo ya Mitume sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa kuwa waliyapima mahubiri ya Paulo kwa Maandiko kila siku. Kama Paulo alipimwa, mtume wa siku hizi ana udhuru gani?

Kuhusu fedha, Wakristo wa mwanzo walikuwa wakali kuliko sisi. Didache, mwongozo wao wa zamani sana, unaagiza kwamba nabii anayedai fedha kwa jina la Roho asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wahitaji, asihukumiwe. Kipimo hicho bado kinafaa. Sadaka na fungu la kumi vina mahali pake katika ibada. Wasiwasi uanze pale maombi yanapopangiwa bei, pale chupa ya mafuta au maji inapouzwa kama ufunguo wa muujiza, au pale namba ya kupokelea sadaka inapokuwa ya simu ya mtu binafsi. Ukihimizwa kupanda mbegu kubwa ya fedha usiku huohuo, nenda nyumbani kwanza, zungumza na mwenzi wako, ulale. Mungu hakimbizwi na saa ya mkesha.

Mtumishi akikutangazia kwamba umepona, kapime. Yesu alipomtakasa mwenye ukoma alimtuma kwa kuhani akajionyeshe, na kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ugonjwa huo. Aliyepona kweli hapotezi kitu kwa kupimwa. Dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifafa au za kufubaza virusi vya UKIMWI zisiachwe kwa tangazo la jukwaani. Anayeziondoa ni daktari. Na ukipewa unabii wenye tarehe, uandike siku hiyohiyo na uutunze. Kumbukumbu la Torati 18 inasema lisilotimia halikutoka kwa Bwana.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni kutengwa. Kanungu, Uganda, waumini waliuza mali, wakahamia kwa viongozi wao, na mazungumzo yakabanwa hata wakawasiliana kwa ishara za mikono. Waliambiwa dunia ingekwisha mwaka 1999 ukimalizika. Haikuisha, na tarehe 17 Machi 2000 mamia walikufa kwa moto kanisani. Shakahola, Kilifi nchini Kenya, miaka 23 baadaye, watu waliokwisha kufundishwa kuikataa shule na hospitali walifunga hadi kufa, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, ikiwamo ya watoto wengi. Pote pawili, ndugu ambaye angeweza kusema hapana alikuwa mbali. Kwa hiyo mtumishi akianza kukuambia mama yako ni mchawi, mkeo ni kizuizi cha baraka, au kanisa lako la zamani lisisalimiwe tena, ondoka mapema, kabla hujauza shamba.

Kama aliyenaswa ni ndugu yako, usimkejeli wala usimtukanie nabii wake, atakimbilia hukohuko. Mpigie simu, mwalike kwenye misiba na harusi, muulize kama amekula, na mhakikishie kwamba kitanda chake kipo. Lakini watoto wakikosa chakula, wakitolewa shule au kunyimwa matibabu, usingoje kikao cha ukoo wala cha wazee wa kanisa. Nenda siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa mtaa au chifu, ofisi ya ustawi wa jamii na polisi. Taja mahali walipo, na wakikupuuza, rudi kesho ukiwa na shahidi.