Chombo cha Angani katika Walenisi: Kitanzi Kinapogeuka Mpelelezi

Ni nadra riwaya ya Kiswahili iliyotungwa Kenya kumpandisha msomaji chombo cha kusafiria angani. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inafanya hivyo. Hata hivyo, chombo chenyewe hakikuundwa ili kumfikisha mtu popote. Ni hukumu ya kifo. Dzombo, aliyehukumiwa na watawala, anatiwa humo na kurushwa angani aangamie.

Nguvu ya kibunilizi ya chombo hicho haimo katika kasi yake. Imo katika hesabu waliyokosea waliokitengeneza: hawakutarajia kwamba mfungwa angemudu kukiendesha. Dzombo anamudu. Hapo ndipo kitanzi kinapogeuka chombo cha upelelezi, kikamfikisha kwenye sayari yenye jamii ya usawa, ambayo jina lake, likitamkwa polepole, ni "wale ni sisi".

Mhakiki mkali ataliona tukio hili kuwa sadfa iliyopita kiasi. Msomaji wa Mukuru, kando ya Industrial Area jijini Nairobi, huenda asilione hivyo. Huko vibarua hutembea kwa miguu kila alfajiri kwenda kuhudumia mitambo isiyo yao, nao huijua kwa mikono. Kwao, swali la usukani ni nani ameruhusiwa kuushika, wala si nani anayeweza.

Mkangi mwenyewe, mwanasosholojia na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986. Pengine ndiyo sababu safari yake ya angani inaanzia kwenye hukumu, si maabarani.