SOMO: KUTAMBUA TAA BANDIA ZA KUULIA VIJIDUDU

Chama cha msingi kinaponunua kwa intaneti taa ya mionzi ya urujuanimno ya kusafishia maji, hakina budi kuichunguza kwanza. Taa bandia huwaka vizuri, lakini vijidudu hubaki hai, na wanachama hunywa maji wakidhani ni salama.

Kamati izingatie yafuatayo:

(a) Kipimo. Taa halisi ya zebaki hutoa mionzi ya nanometa 254. Bandia nyingi hutoa nanometa 395 hadi 405, yaani mwanga wa zambarau usiofaa kazi hiyo.

(b) Rangi. Mionzi iuayo vijidudu haionekani kwa macho. Basi, mwanga wa zambarau si ushahidi, wala noti kung'aa chini yake.

(c) Kioo. Kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo; balbu halisi hutengenezwa kwa kwatzi au kioo maalumu.

(d) Usalama. Mionzi ya nanometa 254 huunguza macho na ngozi. Muuzaji asemaye kwamba taa yake ya namna hiyo yaweza kumulika mikono bila madhara asiaminiwe. Wala mtu asiijaribu kwa kuitazama.

Fedha zisilipwe kabla ya kuonyeshwa cheti cha maabara isiyo ya muuzaji.

Swali la majadiliano: Nani katika chama chenu hukagua vifaa kabla ya malipo?