Ndugu Watatu na Bendi Iliyoitwa Kifo



Mwezi huu wa Marehemu tunasoma Waebrania 11. Hebu tuisome pamoja na habari ya ndugu watatu Wamarekani weusi, David, Bobby na Dannis Hackney wa Detroit. Walipiga rock kali na ya haraka kabla dunia haijalijua neno punk.

Baba yao alifariki katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi. Ndipo David akaipa bendi jina Death, yaani Kifo. Haikuwa kumtukuza shetani, tusikimbilie huko. Alitaka watu waone kwamba kifo si kitu cha kutisha tu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikiita dada, na hakuna anayemshangaa.

Clive Davis, mmoja wa wakubwa wa biashara ya muziki, alivutiwa nao ila akataka wabadili jina. David akakataa. Jamani, wengi wetu tungesaini usiku huohuo! Mwaka 1976 wakatoa wenyewe nakala 500 za singo moja, basi.

Mwaka 1977 wakahamia Burlington, Vermont, mji mdogo wa baridi kali na wenye watu weusi wachache sana. Huko ugenini wakaunda The 4th Movement na kutoa albamu 2 za rock ya injili. Angalia: jina ambalo David hakulibadili kwa ajili ya mkataba, sasa liliwekwa pembeni. Aristotle anatofautisha mtu wa msimamo na mkaidi: wa kwanza hashindwi na tamaa, ila husikiliza hoja, wa pili hasikii kitu. Mimi namweka David kwa wa kwanza, ingawa wadogo zake nao walilipa gharama ya uamuzi ule, na hilo si dogo.

Mwaka 1982 David alirudi Detroit. Bobby na Dannis wakabaki, wakapiga reggae. Kabla ya kufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2000, David alimkabidhi Bobby kanda za zamani, akimwambia siku moja dunia itazitafuta. Mwaka 2009 zikatoka kama albamu, na dunia ikazisikiliza. Yeye hakuwepo.

Sasa fungua Ebr 11:13 na 11:39, usome taratibu.

Ya kujadili kwenye jumuiya: ni kitu gani unakishikilia ambacho huenda usikione kikizaa matunda? Je, wanaolipa gharama pamoja nawe umewauliza?