SOMO LA MWEZI: MAKAA YA KIBANDA CHA MTAKATIFU COLUMBA

Kila tarehe 9 Juni Kanisa humkumbuka Mtakatifu Columba, Abati. Mwaka 563 alitoka Ayalandi pamoja na wenzake 12, akaanzisha nyumba ya watawa katika kisiwa cha Iona, huko Uskoti. Alifariki huko mwaka 597.

Habari zake ziliandikwa na Abati Adomnán, yapata miaka 100 baadaye. Yeye asema Columba alikuwa na kibanda mahali palipoinuka, na humo akikaa kuandika. Je, ni kweli, au ni masimulizi tu?

Mwaka 1957 wataalamu walichimba juu ya kilima kidogo kisiwani, kiitwacho Kilima cha Abati. Wakakuta makaa ya fito zilizoungua. Makaa hayo yakahifadhiwa miaka mingi katika viberiti vitupu, na mwaka 2017 ikatangazwa kuwa yamepimwa: ni ya kati ya mwaka 540 na 650. Makaa hayatuambii jina la aliyekaa pale, lakini yaafikiana na maneno ya Adomnán.

Tena, katika handaki la kale lenye tope, vilifukuliwa viatu vya ngozi na vyombo vya mti vilivyokerezwa. Kitabu hutaja jina la Abati. Udongo hutuonyesha kazi ya walioshona viatu, waliokereza vyombo na waliokata fito. Pasipo hao, Columba angeandikaje?

Naye alilijua hilo. Adomnán asimulia kwamba siku yake ya mwisho Columba alikwenda kwanza kubariki ghala ya nafaka, akashukuru kwamba ndugu zake watakuwa na chakula mwaka ule. Baadaye akaketi kibandani kunakili Zaburi ya 34. Alipofika aya ya 10 akaacha, akasema Baithéne aandike yaliyosalia.

Ghala na Zaburi, vyote viwili ni utumishi. Basi tusimdharau afagiaye kanisa, wala afuaye nguo za madhabahu, wala achotaye maji, hata kama jina lake halisomwi katika matangazo.

Maswali ya kutafakari:
1. Ni nani katika parishi yetu afanyaye kazi isiyoonekana, nasi hatujamshukuru?
2. Kazi yangu nitakayoiacha bila kuimaliza, nimemwandaa nani aiendeleze?