KUTWA MARA TATU: LUGHA YA MUUGUZI NA USALAMA WA MGONJWA KATIKA DAWA ZA MAAMBUKIZI, DAWA ZA DAMU NA CHANJO

Ikisiri

Wauguzi nchini Kenya hufundishwa famakolojia kwa Kiingereza na kuwahudumia wagonjwa kwa Kiswahili au kwa lugha za mama. Makala haya yanachunguza kinachotokea maarifa yanapovuka daraja hilo. Yanajikita katika makundi matatu: dawa za maambukizi, dawa za damu na chanjo. Hoja kuu ni kwamba baadhi ya maneno tuliyoyazoea katika maelezo ya dawa yana utata unaoweza kumdhuru mgonjwa, na kwamba utatuzi wa utata huo ni kazi ya mwanaisimu kama ilivyo kazi ya mtaalamu wa tiba.

1.0 Utangulizi

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 43 nayo inampa kila mtu haki ya kufikia kiwango cha juu zaidi cha afya. Ibara hizi mbili hukutana katika dirisha la dawa la zahanati. Hapo ndipo mgonjwa anapokabidhiwa kibahasha chenye tembe na maelezo ya sentensi mbili au tatu, kisha akaenda nyumbani kujitibu mwenyewe.

Katika mafunzo yake, muuguzi hukaririshwa haki tano za utoaji wa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Wodini, muuguzi ndiye anayezitekeleza haki hizo kwa mikono yake. Mgonjwa anapopewa dawa za kutumia nyumbani, haki zote tano hutegemea maneno. Neno likipotoka, dawa iliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa hugeuka kuwa dawa isiyofaa, na pengine sumu.

2.0 Dawa za maambukizi

2.1 Homa, viini na viuavijasumu

Alexander Fleming aligundua penisilini jijini London mwaka 1928. Tangu hapo, viuavijasumu vimeokoa maisha ya watu wasiohesabika kwa kuua bakteria au kuwazuia wasizaane. Penisilini na jamaa zake, kama vile amoksilini, huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria. Virusi havina ukuta huo, na kwa hiyo dawa hizi haziviwezi. Mafua ya kawaida, ambayo husababishwa na virusi, hayaponi kwa amoksilini hata mgonjwa akimeza kopo zima.

Ukweli huu hugonga mwamba wa lugha. Kwanza, neno "viini" hutumiwa kwa bakteria, virusi na hata vimelea vya malaria. Mgonjwa akiambiwa kuwa dawa hii "inaua viini", ana haki ya kudhani kwamba inaua viini vyote. Pili, neno "homa" lina maana zaidi ya moja. Kwa Wakenya wengi homa ni mafua. Kwa wengine ni joto la mwili. Na kwa wengine bado ni malaria. Mtu aliyepewa kiuavijasumu alipokuwa na nimonia akaelezwa kwamba ni "dawa ya homa", huenda akaitafuta dawa iyo hiyo dukani pua yake itakapoanza kuchuruzika.

Matokeo yake ni usugu wa dawa. Kila bakteria wanapokutana na dawa pasipo haja, wale wanyonge hufa na wale sugu hubaki wakizaana. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani.

2.2 Kutwa mara tatu

Maelezo yanayosikika zaidi katika dirisha la dawa ni "tembe moja, kutwa mara tatu", ambayo huandikwa juu ya kibahasha kama 1x3. Mgonjwa asiyeifahamu alama hiyo anaweza kuisoma kuwa tembe moja kwa siku tatu, au tembe tatu kwa mpigo mmoja.

Hata yakitamkwa, maelezo hayo yana walakini. Kutwa, kwa asili yake, ni muda wa tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Ndiyo maana husemwa "mchana kutwa" na "usiku kucha". Mgonjwa mwenye Kiswahili safi anaweza kumeza amoksilini saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, akawa ametii kila neno aliloambiwa. Hata hivyo, atakuwa ameuacha usiku mzima wa saa kumi na mbili bila dawa, ilhali amoksilini hutolewa mwilini na figo kwa muda mfupi. Kilichokusudiwa ni kuigawa siku yote, mchana na usiku, katika vipindi vitatu vinavyolingana.

Muuguzi anayejaribu kurekebisha kwa kusema "kila saa nane" huangukia shimo jingine. Saa nane ni kipindi, lakini pia ni wakati: saa nane mchana na saa nane usiku. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba anapaswa kumeza dawa mara mbili kwa siku, kila ifikapo saa nane. Hapa ndipo wasemaji wa kawaida walipobuni suluhisho ambalo walimu wa sarufi hulipiga kalamu nyekundu, yaani kusema "masaa manane" kwa kipindi na "saa nane" kwa wakati. Si lazima umbo hilo lisanifishwe, lakini haifai kupuuza haja iliyolizaa. Njia iliyo salama zaidi ni kutaja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.

Dawa ya malaria isiyo kali, mseto wa artemetha na lumefantrini, huonyesha umuhimu wa jambo hili. Hutolewa kwa vipimo sita katika siku tatu. Kipimo cha pili humezwa saa nane baada ya cha kwanza, kisha vinne vilivyobaki humezwa asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Aliyeanza saa nne asubuhi atameza tena saa kumi na mbili jioni siku hiyo hiyo. Aidha, dawa hii humezwa pamoja na chakula au maziwa kwa kuwa mafuta husaidia lumefantrini kufyonzwa. Muuguzi akisema tu "mbili kwa siku", mengi ya muhimu hupotea.

2.3 Dozi

Katika famakolojia, istilahi ya Kiingereza iliyozaa neno "dozi" humaanisha kiasi kinachotumiwa mara moja. Katika Kiswahili cha mtaani, "kumaliza dozi" ni kumaliza dawa zote za matibabu hayo. Muuguzi anayesema "ukisahau dozi moja, endelea na inayofuata" huenda asieleweke. Inapendekezwa kwamba "kipimo" kitumike kwa kiasi cha mara moja na "dozi" iachiwe maana ambayo umma umekwisha kuipa.

Tofauti hii ni muhimu hasa kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya miezi sita huanza kwa dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi huendelea kwa miezi minne. Mgonjwa huhisi nafuu mapema na huona mkojo wake umegeuka rangi ya machungwa. Asipoelezwa kwamba rangi hiyo hutokana na rifampisini, anaweza kudhani kwamba anakojoa damu, akaacha dawa kabla ya wakati.

3.0 Dawa za damu

3.1 "Dawa ya kuongeza damu"

Fungu hili la maneno hutumiwa kwa dawa zisizofanana. Mjamzito huitwa "mama wa kuongezewa damu" anapopewa madini ya chuma na asidi ya foliki. Chuma huhitajika katika kuunda himoglobini inayobeba oksijeni. Hufyonzwa vizuri zaidi kikiambatana na vitamini C, kama ile ya chungwa, na hufyonzwa vibaya kikinywewa pamoja na chai. Hufanya choo kuwa cheusi, jambo lisilo na madhara ila humtia hofu asiyeonywa. Tembe hizi ziwekwe mbali na watoto, maana mtoto akizimeza nyingi anaweza kufa.

Mgonjwa wa seli mundu naye ana upungufu wa damu, lakini chanzo ni tofauti. Istilahi hii ni mojawapo ya zile zilizoundwa kwa ufanisi: chembe nyekundu hupinda mithili ya mundu, huziba mishipa midogo na huvunjika mapema. Mgonjwa huyu hupewa asidi ya foliki ili mwili uunde chembe mpya. Hapewi chuma pasipo kupimwa na kuthibitishwa kuwa amepungukiwa nacho, kwani huenda tayari kimelundikana mwilini kutokana na kuongezewa damu mara kwa mara. Jirani mwema anayemgawia mtoto huyo "dawa ya kuongeza damu" ya mjamzito amepotoshwa na jina.

3.2 "Dawa ya kufanya damu iwe nyepesi"

Hapa pana hatari kubwa zaidi. Wafarini hutolewa kwa mtu aliyewahi kupata bonge la damu katika mshipa au aliyewekewa vali bandia ya moyo. Dawa hii haiifanyi damu kuwa nyepesi hata kidogo. Huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kuunda baadhi ya protini za kugandisha damu.

Mgonjwa anayeambiwa kuwa damu yake itakuwa "nyepesi" huweza kuelewa kwamba itakuwa dhaifu. Kwa mujibu wa busara ya nyumbani, damu dhaifu huimarishwa kwa mboga za majani: sukuma wiki, mchicha, kunde. Mboga hizo zina vitamini K kwa wingi. Akizidisha ghafla, nguvu ya wafarini hupungua na bonge huweza kurudi. Kinyume chake, akimeza aspirini kwa maumivu ya kichwa bila kuuliza, anaweza kuvuja damu kupita kiasi. Maelezo yaliyo sahihi hayahitaji istilahi mpya: "Hii ni dawa ya kuzuia damu isigande. Mboga kula kwa kiasi kile kile ulichozoea. Ukiona damu kwenye mkojo au ufizi, au choo cheusi kama lami, njoo upesi." Ikumbukwe kwamba choo cheusi ambacho kwa mjamzito anayetumia chuma si tatizo, kwa mgonjwa huyu ni kengele ya hatari.

4.0 Chanjo

Neno "chanjo" limetokana na kitenzi "chanja", yaani kukata kidogo juu ya ngozi. Linaafikiana na historia, kwani mwaka 1796 Edward Jenner alimkinga mtoto dhidi ya ndui kwa kumchanja na kumpaka usaha wa ndui ya ng'ombe. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Leo maana imepanuka: chanjo ya polio ya matone hutiwa kinywani, ya kifua kikuu hudungwa ndani ya ngozi na kuacha kovu dogo, na nyingine hudungwa pajani. Upanuzi huu wa maana haujaleta matatizo.

Tatizo liko katika neno "kinga". Mzazi huweza kulichukua kuwa ngao isiyopenyeka. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, ilibidi wazazi waelezwe kwamba hupunguza malaria kali bila kuizuia yote, na kwamba mtoto aliyechanjwa bado hulala ndani ya chandarua.

Neno "homa" pia hurejea hapa. Muuguzi anayemwambia mama kuwa mtoto "atapata homa kidogo" amemwandaa kwa kamasi. Mwili wa mtoto ukichemka usiku, mama huogopa na huenda asirudi kwa chanjo inayofuata. Ratiba ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18, hutegemea mama anayerudi. "Mwili utapata joto" ni maneno matatu tu.

5.0 Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, mgonjwa aombwe arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuondoka dirishani. Swali "Umeelewa, mama?" hujibiwa "ndiyo" kwa heshima, hata pale ambapo hakuna kilichoeleweka. "Mama, ukifika nyumbani utampa mtoto dawa hii saa ngapi?" ni swali lenye jibu linaloweza kupimwa.

Pili, vyuo vya uuguzi vifundishe Kiswahili cha tiba kama stadi ya kitaaluma. Tatu, istilahi zijaribiwe kwa watumiaji kabla ya kuidhinishwa. "Seli mundu" ingefaulu jaribio hilo, na "damu nyepesi" ingeanguka. Nne, wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wale wa uuguzi katika kukusanya maneno yanayotumika kliniki na kuyachambua.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mgonjwa aliyesimama dirishani na kibahasha mkononi, kinga ya kwanza dhidi ya madhara ya dawa ni sentensi inayoeleweka kwa namna moja tu.